Matanga ya Mfalme Edward kule Stafford

Tangu turudi, simu yangu haijapoa. Nusu ya Wakenya wa hapa Euless imenipigia kunipa pole, na kuna waliokuja mpaka mlangoni na mkate na sukari, nikavipokea kwa aibu kwa sababu sikujua nianzie wapi kueleza. Basi naandika mara moja, msome wote, na anayetaka sukari yake aje aichukue. Hatukufiwa. Aliyekufa ni mfalme wa Uingereza aliyeitwa Edward, na alikufa karibu miaka elfu moja iliyopita. Jinsi matanga yake yalivyokuja kukaliwa sebuleni kwa shemeji yangu, hayo nitayasema kwa kufuata barabara, kituo kwa kituo, maana nikianzia mwisho hamtanielewa.

Euless mpaka Ennis

Tulikuwa wanne garini. Kwenye usukani alikuwa Wafula, mume wangu, ambaye haniachii gari nikipita Dallas kwa sababu anasema barabara ya Houston haina adabu. Pembeni yake alikaa mama yake, ambaye sote tunamwita Kukhu, ndiyo bibi kwa Kibukusu. Mimi ni Mtaita, na kwa kuwa Kitaita changu na Kibukusu chao havijawahi kusalimiana, nyumba yetu inaendeshwa kwa Kiswahili. Nyuma tulikaa mimi na binti yetu Naliaka, na katikati yetu taji la karatasi ngumu lililopakwa rangi ya dhahabu, ambalo lilipewa nafasi nzuri kuliko yangu.

Taji lilikuwa la Naliaka. Alichaguliwa kwenda Houston kwenye mashindano ya wanafunzi wanaoigiza historia, kila mmoja peke yake jukwaani kwa dakika chache, na yeye alikuwa amechagua mwaka ule Uingereza ilipogombaniwa na watu watatu baada ya mfalme kufa bila mtoto. Kwa mwezi mzima nilikuwa nikitoka zamu hospitalini na kukuta vita sebuleni.

Lakini safari hii ilikuwa na jambo lingine, na ndilo lililoninyima usingizi. Kukhu alikuwa amekaa nasi miezi kadhaa na wiki iliyofuata alikuwa arudi Kitale. Ana watoto wawili wa kiume hapa Texas: huyu wangu, na mdogo wake Simiyu, muuguzi wa zamu za usiku, anayekaa Stafford. Hao wawili walikuwa hawasemezani tangu baba yao azikwe. Wafula alikwenda nyumbani kuzika. Simiyu hakuweza kusafiri, akayatazama mazishi kwenye simu akiwa jikoni kwake. Udongo wa kaburi haujatulia, baba yao mdogo akainuka mbele ya watu, akachukua fimbo ya marehemu, akamkabidhi Wafula na kutangaza kwamba huyu ndiye mwenye boma. Simiyu akazima simu. Miaka miwili ikapita. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Mimi kama shemeji nilikuwa nimelima mpaka nimechoka na kapu langu liko pale pale.

Kukhu alikuwa ametangaza asubuhi ile, huku akifunga mkanda wa kiti, kwamba hatapanda ndege akiwa amewaacha watoto wawili wasiokula sahani moja. Wafula akajibu kwa heshima kwamba atatufikisha Stafford kwa mdogo wake, atashusha mizigo, na yeye atalala hotelini. Kukhu hakubishana. Akafungua kopo lake la njugu karanga akaanza kutafuna, na aliyemjua alijua kwamba huko si kukubali.

Kufika Ennis tu, barabara ikasimama. Kando kulikuwa na mashamba ya maua ya buluu ya majira haya, na watu wamepiga magoti ndani yake wakiwapiga watoto picha. Kukhu akauliza ni nani aliyeyapanda yote hayo na mbuzi wako wapi. Nikamwambia hayakupandwa na mbuzi hakuna. Alisikitika, kwa ajili ya mbuzi.

Kando ya barabara, mbele ya Corsicana

Tulipoanza kutembea vizuri, tairi la nyuma likapasuka. Wafula alitoa gari pembeni, akafungua buti, akashusha mizigo yote ya mama yake, unga wa ugali, mtama, viazi vitamu vilivyochemshwa, na chini kabisa akalikuta tairi la akiba limelala bila upepo. Mwanamke mwenye akili hujua siku za kunyamaza.

Tukamtandikia Kukhu leso kwenye majani mabichi, mbali na magari, tukakaa kungoja fundi aliyesema yuko njiani. Naliaka akaona ndiyo nafasi ya kufanya mazoezi. Kwa kuwa bibi yake hajui Kiingereza, ilimbidi aeleze kwanza.

"Kukhu, so huyu king, Edward, hakuwa na mtoto. Akakufa. Then kila mtu akasema kiti ni yangu."

Kisha akazipanga karanga juu ya leso kuonyesha nani ni nani, nami nikalielewa vizuri kwa mara ya kwanza jambo ambalo nilikuwa nalisikia likipigiwa kelele sebuleni kwangu. Mfalme Edward alikuwa ameoa dada wa Harold, mkuu mwenye nguvu kuliko wote pale Uingereza. Mfalme alipofariki, wakubwa wakampa Harold kiti. Ng'ambo ya bahari akasimama William, mtawala wa Normandia, akasema kiti hicho mimi niliahidiwa na marehemu, tena Harold mwenyewe aliniapia. Kutoka kaskazini akainuka mfalme wa Norwe naye akasema kuna mapatano ya zamani yanayonipa haki. Na mdogo wake Harold, aitwaye Tostig, aliyekuwa amefukuzwa nchini, akaenda kujiunga na huyo wa Norwe ili arudi kumpiga kaka yake.

Kukhu alizitazama karanga. "Edward alizikwa lini?"

"The next day. Na siku hiyo hiyo wakamwekea Harold crown."

Kukhu akaacha kutafuna. "Siku ile ile?"

"Yeah. Asubuhi wanazika, halafu wanamfanya king."

"Kabla watu hawajanyolewa? Kabla wazee hawajaketi?"

Vitabu vya Naliaka havikutaja habari ya kunyolewa. Nikamweleza kwamba kwa kina bibi yake msiba una hatua zake. Mtu akizikwa, watu hukaa matanga, wananyolewa, kisha wazee huketi na watoto wote wa marehemu, na hapo ndipo mambo ya mali na kiti hutajwa, kila mtu akisikia kwa sikio lake. Anayekalia kiti kabla ya hapo amekalia moto. Niligeuka kuchukua chupa ya chai nikasikia spana imenyamaza. Wafula alikuwa amechuchumaa nyuma ya gurudumu, hafungui kitu wala hafungi kitu.

Kukhu hakumtazama. Aliuliza kitu kingine: mjane alikuwa wapi? Katika mchezo wote huo wa wanaume na karanga, mke wa marehemu alikuwa wapi? Naliaka akatoa simu kutafuta, akasoma kimya, kisha akasema polepole kwamba jina lake ni Edith, na mfalme alipokuwa anakata roho, yeye alikuwa amekaa chini sakafuni, amempakata miguu akiipasha joto.

Nataka mjue kwamba mimi nilikuwa Kitale wiki za mwisho za baba mkwe. Niliona kwa macho yangu jinsi Kukhu alivyokuwa akikaa chini kwenye mkeka na kuisugua miguu ya mzee, ambayo ilikuwa baridi kama ya mtu aliyevuka mto. Alipolisikia neno la Naliaka, alizikusanya karanga zote, Harold na William na wa Norwe, akazirudisha koponi.

"Na huyo Harold na Tostig ni ndugu zake wa tumbo moja?"

"Yes, Kukhu. Tostig aliuawa kwanza, kwa vita ya kaskazini. Harold akashinda, then akakimbia na jeshi mpaka kusini kupigana na William, akauawa pia. Krismasi, William ndiye alikuwa king."

"Mume, na ndugu wawili. Mwaka mmoja," akasema Kukhu. "Maskini mwenzangu." Na tangu hapo Edith akawa mtu wetu.

Fundi hakuja. Aliyekuja ni mzee wa Kizungu mwenye kofia pana na lori dogo, aliyesimama bila kuitwa, akalipeleka tairi letu na Wafula mjini, akawarudisha, akakataa kabisa kupewa chochote. Kukhu alimshika mkono, akamuuliza kwa Kiswahili habari za wazazi wake, na yeye akajibu kwa Kiingereza kirefu huku akitikisa kichwa. Waliagana kama watu waliosoma pamoja. Viazi vitamu viwili viliondoka na lori lile.

Nyama ya Buffalo

Njaa ilitukamata Buffalo, mji mdogo ulio kando ya barabara kuu. Tukaingia pahali wanapouza nyama iliyookwa kwa moshi usiku kucha, unapimiwa kwenye karatasi na kupewa mkate mweupe, kitunguu na tango la siki. Kukhu aliuliza ugali uko wapi. Akaonyeshwa mkate. Akaukunja kwa vidole, akautazama ukijikunjua, akaamua kuusamehe.

Kabla ya kula alisimama kuomba, na Kukhu haombi kwa siri. Aliombea nyama, mwenye ng'ombe, mzee wa tairi na wazazi wake, na mjane Edith. Nikajua watu wanatutazama, nikabana macho. Alipomaliza nikafungua, na mezani kote wanaume walikuwa wamevua kofia, na sauti nyingi zikasema amina. Mhudumu akatuletea chai ya baridi, tamu kupita kiasi, hatukuwa tumeiagiza. Kwa kweli nilifurahi sana pale. Hata Wafula alicheka, na ndevu zake zina mafuta, nikakumbuka kwa nini nilikubali kuolewa mbali na kwetu.

Stafford, Ijumaa jioni

Foleni ya Houston ilitula saa zetu zilizobaki. Tulipofika kwa Simiyu, alikuwa amevaa sare tayari kwenda kazini. Alimkumbatia mama yake mlangoni, akanikumbatia mimi, akamwinua Naliaka. Kaka yake alikuwa anashusha mizigo kwenye njia ya gari, akaipanga pale nje vizuri, mmoja baada ya mwingine, akarudi kwenye usukani. Simiyu akangoja aondoke ndipo aende kuichukua. Walikuwa karibu kiasi kwamba wangeweza kurushiana funguo. Kukhu aliyaona yote akiwa amesimama kati yao, na uso wake ukazeeka palepale.

Mke wa Simiyu, Mama Eli, hufanya kazi ya kutunza wazee, naye ni mtu wa kanisa. Alituambia jioni ile kuna maombi ya kanisa lao, lenye Wakenya wachache na Wakongo wengi, kwenye chumba walichopanga kati ya saluni na duka la simu. Tukaenda, yeye akabaki nje na watoto wa kanisa. Nyimbo zao ni nzuri ajabu, lakini mimi nilikuwa nimechoka na kiti kilikuwa laini, nikasinzia. Nilizinduka Pasta Bahati alipowakaribisha wageni wenye mahitaji ya kuombewa, na Kukhu amekwisha kusimama.

Hakusema uongo hata mmoja. Alisema kuna mama amefiwa na mumewe, na kabla machozi hayajakauka, kiti cha marehemu kikatolewa kwa haraka, ndugu wakagawanyika kwa ajili ya kiti hicho, na sasa ndugu mmoja ameshauawa. Akaomba wamwombee huyo mama. Akalia kidogo. Mimi nilijua anamsema nani, kwa hiyo sikushtuka, nikatoa kitambaa nikampa. Sikufikiria kwamba katika chumba chote kile ni mimi na Naliaka tu tulioijua habari ya Edith. Wengine walijua habari nyingine: kwamba Simiyu ana kaka Euless, kwamba hawasemezani kwa sababu ya kiti cha baba yao, na kwamba huyu mama mzee anayelia ndiye mama yao.

Kanisa lote likaja kumshika mkono. Mama mmoja wa Kikongo alimkumbatia muda mrefu. Kukhu aliniambia njiani kwamba hajapata kuona watu wenye huruma namna hii kwa ajili ya Waingereza.

Ukumbini

Jumamosi Wafula alikuja kutuchukua, akipiga honi nje badala ya kubisha hodi. Simiyu alikuwa ndiyo amerudi kutoka zamu, amelala. Mama Eli alikuwa ameshakwenda kazini.

Mashindano yalikuwa kwenye chuo kimoja, ukumbi wenye baridi ya kugandisha maziwa, na mlangoni tuliambiwa tuzime simu kabisa. Tukazima zote. Zamu ya Naliaka ilichelewa mpaka mchana. Alipopanda jukwaani nilimwona ameshika taji kama alivyozoea, nikajiandaa kwa zile kelele za Harold. Akaliweka mezani. Akaitoa leso ya Kukhu mfukoni, akajitanda, akakaa chini mbele ya kiti kitupu, akaanza kusugua miguu ya mtu asiyekuwapo.

Alikuwa ameandika upya maneno yake yote usiku ule, nami nimelala. Sasa ilikuwa ni Edith anayesimulia, akiwa pale chini. Mumewe anapoa mikononi mwake, na mlangoni anasikia wanaume wakinong'ona juu ya kiti. Wanazika, na siku hiyo hiyo wanasherehekea. Anahesabu merikebu zinazokuja kutoka kaskazini na mdogo wake yumo, anahesabu zinazokuja kutoka kusini. Anapata habari ya ndugu mmoja, kisha ya mwingine. Mwisho akalichukua taji, akalitazama, akauliza kwa nini hawakungoja.

Kukhu hakuelewa neno la Kiingereza, na hakukosa kitu. Miguu iliposuguliwa alisema kwa sauti ya kusikika, "Pole, mama," na majaji wakageuka. Wafula alikuwa amekaa upande wangu wa pili. Alitazama sakafu tangu mwanzo mpaka watu walipopiga makofi, na hakupiga.

Naliaka hakushinda. Alizidisha muda, akakatwa alama. Lakini jaji mmoja mwanamke alimfuata nje kumuuliza wazo la mjane alilipata wapi, naye akamwonyesha bibi yake, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi akivua viatu vilivyombana.

Viatu mlangoni

Tulirudi Stafford bila hata mmoja wetu kukumbuka kuwasha simu. Tulipoingia ile barabara ya kwa Simiyu, magari yalikuwa yameegeshwa pande zote mbili. Mlango uko wazi. Nje ya mlango viatu, vingi, vya kiume na vya kike, na ndani wanawake wanaimba wimbo ule wa polepole ambao mtu yeyote wa kwetu akiusikia anajua umeimbwa kwa ajili gani.

Wafula akasimamisha gari katikati ya njia. Alijua nani alikuwa peke yake katika nyumba ile. Akasema jina la mdogo wake mara moja, si kwa kuita, akatoka gari likiwa linanguruma. Nilimwona akikimbia juu ya majani ya jirani. Ni mtu mnene na magoti yake mabovu, na sijawahi kumwona akikimbia hivyo.

Aliingia na viatu vyake. Nilipomfikia, kuimba kulikuwa kumekatika, na watu wote wamemtazama kama waliomwona aliyetoka kaburini. Simiyu alikuwa amekaa chini kwenye zulia, bado na nguo za kulalia, macho yamevimba, simu mkononi.

"Wewe?" Simiyu akasema.

"Mimi."

"Simu yako imezimwa."

"Walituambia tuzime."

Simiyu hakuinuka. Alimshika kaka yake suruali kwa mikono miwili, pale kwenye goti, akalia bila kujificha. Wafula akajishusha chini kidogokidogo mpaka naye akakaa zuliani, akamshika mdogo wake kichwa. Na mimi nililia, kwa nini niwafiche.

Mambo yalikuwa hivi. Ujumbe ulikuwa umepita kwenye simu za kanisa tangu asubuhi, kwamba Ndugu Simiyu amefiwa na kaka yake, tukutane kwake mchana. Yeye aliamshwa na kengele ya mlango, akafungua, akawakuta wanawake na sahani kubwa za chakula wakimpa pole ya kaka yake. Wanasema ni mama mwenyewe aliyetangaza jana. Akapiga simu ya Wafula, imezimwa. Yangu, imezimwa. Ya Naliaka, hivyo hivyo. Akakaa chini, wakakaa naye.

Pasta Bahati alikuwa amesimama katikati ya sebule ameshika koti lake. "Sasa, samahani," akasema. "Ni nani alikufa?"

Ni Naliaka aliyemjibu, akiwa mlangoni bado amejitanda leso. "King Edward. Then Tostig. Then Harold."

Ilichukua muda kueleza. Kukhu alipoelewa alichofanya, alifunika uso kwa mikono, nami nikadhani analia tena, kumbe anacheka, na kicheko chake kikamfikia yule mama wa Kikongo, kikaenda nyumba nzima mpaka kwa waliokuwa jikoni. Pasta alicheka mpaka akatafuta kiti. Kisha akaanza kuomba radhi na kuwaambia watu wake wakusanye vyombo. Mwenye sombe, ile mboga ya majani ya mhogo, akashika sombe yake. Yule mama akamzuia.

"Apana, Pasta," akasema. "Chakula ya kilio hairudiake mu nyumba. Ikisharudi, inaita kilio ingine."

Basi tukasimama na chakula kisichoweza kurudi na msiba usiokuwapo. Kukhu akapangusa macho. Akasema msiba upo. Akasema huyu mwanawe mdogo alimzika baba yake kwenye kioo cha simu, peke yake jikoni, hakuna aliyemletea hata kikombe cha chai, na mpaka leo hajakaliwa matanga. "Kaeni," akawaambia. "Mmekuja kumlilia mfalme, mlilieni na mume wangu."

Wakakaa. Waliimba mpaka jua likapinda, safari hii wakilitaja jina la mzee. Simiyu alisimulia habari za baba yao, jinsi alivyokuwa akiwakata ng'ombe kwato, jinsi alivyoogopa radi, na pale alipokosea Wafula alimsahihisha, na alipokosea Wafula, Simiyu akamsahihisha. Tulikula sombe, fufu ndiyo ugali wao, samaki wa kukaanga na chapati za Mama Eli, aliyerudi kutoka kazini amekimbia kwa habari za msiba akaukuta umebadilika. Kukhu mwenyewe ndiye aliyeipakua sahani moja kubwa, akaiweka kati ya watoto wake wawili, akasimama juu yao mpaka ilipokwisha. Usiku ule hoteli ya Wafula ililala bila mtu.

Jumapili, na kurudi

Asubuhi baada ya kanisa Kukhu aliomba mashine ya kunyolea. Kwa desturi yao si yeye anayepaswa kunyoa, lakini alisema Stafford hakuna shangazi na Mungu anaona. Akawakalisha wote wawili kwenye viti vya plastiki nyuma ya nyumba, akawanyoa kwa zamu, vibaya sana, nywele zikaanguka kwenye sakafu ya saruji na hakuna aliyeweza kusema zipi ni za nani. Ndipo akasema sasa wanaweza kuzungumza.

Wafula alisema fimbo iko Kitale, imetundikwa ukutani, hajawahi kuishika tena. Alisema siku ile iliwekwa mkononi mwake mbele ya watu wote na hakujua namna ya kuiangusha. Simiyu alimsikiliza huku akijipapasa upara.

"Fimbo sikuitaka," akasema. "Nilitaka niulizwe."

"Nakuuliza."

Simiyu aliangalia ua wa nyuma, na nyasi zake, na waya wa jirani. Akasema ikae kwa mkubwa. Hayo ndiyo yote. Nilikuwa nimengoja vita ya miaka miwili iishe kwa hotuba, ikaisha kwa maneno machache ya watu wenye vichwa vilivyochongwa kama viazi.

Tuliondoka mchana. Kukhu alikaa mbele na kopo lake, na karibu na Huntsville, kwenye ile sanamu kubwa nyeupe inayoonekana juu ya miti, Naliaka alimuuliza kama angekuwa mzee wa Uingereza, angempa nani kiti. Kukhu akasema asingempa mtu. Angewatafutia wembe kwanza.

Simu ya Wafula ililia tulipokuwa tunapita Buffalo. Alikuwa Simiyu, anauliza tumefika wapi. Ikalia tena Corsicana, anauliza tairi linaendeleaje. Ikalia Ennis, anauliza kama mvua inanyesha huko. Wafula akalalamika kwa sauti kwamba mtu huyu hatatuacha tufike, na kwamba betri inakwisha. Kisha akaichomeka simu kwenye chaji, akaiweka juu ya paja, mahali ambapo angeiona mara tu ikiwaka.